"Dawa" ya Pamba na Mazungumzo ya Seli: Tuilinde Amana ya Mwili

Mtu apitaye Bariadi katika miezi ya mwanzo wa mwaka huyakuta mashamba ya pamba yamestawi, na katikati yake humwona mkulima mwenye bomba mgongoni akipuliza. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa maeneo ya Shinyanga na Mwanza, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini. Kuanzia Itilima hadi Meatu, ada za shule na mabati ya nyumba aghalabu hutokana na pamba. Funza wa vitumba asipodhibitiwa, jasho la msimu mzima hupotea. Kwa hiyo hatukusudii kumkataza mkulima asipulize. Tunakusudia kueleza kile kinachopulizwa hufanya nini kikiingia mwilini, kwani anayeujua utendaji wake hatakihifadhi uvunguni mwa kitanda.

Ndugu wasomaji, mwili wa binadamu umejengwa kwa seli zaidi ya trilioni 30, na hakuna hata moja iishiyo kwa upweke. Seli huzungumza, na lugha yao ni kemikali. Seli moja hutoa mjumbe, na nyingine humpokea kwa vipokezi vilivyo juu ya utando wake, mfano wa kufuli na ufunguo. Tumalizapo kula, kongosho hutoa insulini, nazo seli za misuli hufungua njia ili sukari iingie. Seli isiyo na kipokezi cha mjumbe fulani haimsikii, hata akipita mlangoni pake.

Mwaka 1921 mtaalamu Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, nao ukapunguza mapigo. Kisha akautia moyo wa pili maji yaliyouzunguka ule wa kwanza. Huo nao ukapunguza mapigo, ilhali haukuguswa. Ikadhihirika kwamba mishipa ya fahamu huongea kwa kemikali. Mjumbe huyo ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Mjumbe huyu akifika kwenye moyo, huutuliza. Akifika kwenye misuli ya mkono, huifanya ijikaze. Akifika kwenye tezi za mate, huzifanya zitoe mate. Lakini ujumbe wenye mwanzo sharti uwe na mwisho. Pembeni mwa vipokezi kipo kimeng'enya ambacho kazi yake ni kumvunja mjumbe mara amalizapo kunena. Kimoja tu huvunja maelfu ya wajumbe katika sekunde moja. Ndiyo sababu mkono ukikunja huweza kukunjuka.

Hapa ndipo hatari ilipo. Miongoni mwa viuatilifu vinavyotumika katika pamba vimo vya jamii ya oganofosfeti. Hivi hukishika kile kimeng'enya na kukifunga. Wajumbe hurundikana, na amri haikomi. Mdudu hufa kwa sababu hiyo, na mishipa ya fahamu ya mwanadamu hutumia mjumbe yuleyule. Aliyedhurika hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, hutapika na kuhara, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na mwishowe pumzi hukwama. Sumu hiyo haingii kwa kinywa pekee; hupenya ngozi, na huvutwa kwa pua.

Ikitokea, mwondoeni mgonjwa penye sumu, mvueni nguo zilizolowa, na muosheni kwa maji mengi na sabuni, huku anayemhudumia akijikinga mikono. Msimtapishe. Wengi wetu tumezoea kukimbilia maziwa. Maziwa hayakifungui kimeng'enya, na kuyatafuta hupoteza dakika za thamani. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na chupa yenye kibandiko chake, ili mganga ajue sumu ni ipi. Huko ipo atropini, ambayo hukalia baadhi ya vipokezi ili mjumbe asivipate.

Lakini kinga ni bora. Tununue viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na tusome kibandiko: utepe mwekundu ni alama ya sumu kali zaidi. Tusizibue mdomo wa bomba kwa kuupuliza kwa vinywa vyetu. Tuvae mikono mirefu, viatu vya mpira na kinga ya uso. Nguo za shambani zifuliwe peke yake. Kamwe tusiimimine sumu katika chupa ya soda, wala dumu lake lisichotewe maji. Iwekwe mbali na chakula, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Huenda kosa letu la kwanza limo katika jina. Tumeizoea kuiita "dawa ya pamba", na mtoto aliyefundishwa kwamba dawa huponya hana sababu ya kuiogopa. Tuanze leo kuiita sumu mbele ya watoto wetu. Mwili ni amana, na miili ya watoto ni amana iliyo mikononi mwetu.