Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu na Wajibu wa Nyumba

Habari ya mwana kukubaliwa Chuo Kikuu ikifika, nyumba hujaa watu. Jirani huja na sinia, shangazi huja na dua, na mzee wa nyumba, ambaye tangu zamani si mtu wa maneno mengi, siku hiyo husikika akicheka mpaka barazani. Sanduku hununuliwa, nauli hupatikana kwa kukopa na kuchanga, na mwana husindikizwa hadi stendi ya mabasi. Kisha nyumba hurudi katika shughuli zake ikidhani kwamba kazi imekwisha. Walakini, ndugu wasomaji, kazi ndiyo kwanza yaanza.

Nasema haya nami nikiwa mmoja wa wakosaji. Palikuwa na kijana mmoja katika mtaa wetu hapa Tanga, niliyemsomesha chuoni tangu siku za alifu na bee. Skuli yake ya sekondari ilikuwa na walimu wachache wa sayansi na vitabu vichache zaidi, naye akatoka wa kwanza. Alipokwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi, mimi ndiye niliyemwombea dua mbele ya wazee. Mwezi wa Ramadhani akaja nyumbani, nikamwuliza habari za masomo, akanijibu, "Salama tu, Maalim." Nikaridhika. Mwisho wa mwaka akaondolewa chuoni kwa kushindwa mitihani, jambo ambalo wanafunzi wenyewe huliita "kudisko", na baba yake akaipata habari hiyo kwa mtu wa nje, miezi miwili baadaye. Nilipopata kukaa naye faraghani nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Maalim, ningeanzaje? Nyote mlikwisha kuniita injinia."

Watu hufanya haraka kuhukumu: hakuwa na akili, au mji ulimpoteza. Mimi nimejua kwamba halikuwa lolote katika hayo. Itazameni njia aliyopita. Alisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Kisha sekondari ikawa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha kunakili ubaoni, mwalimu mwenyewe akirejea kwenye Kiswahili kila alipotaka kueleweka. Akahifadhi alivyoandikishwa, akafaulu. Chuo Kikuu akajikuta katika ukumbi wa watu mia kadhaa. Mhadhiri akazungumza saa nzima bila ya kuandikisha neno, akatoka, akaacha sura mbili za kitabu zisomwe kabla ya wiki ijayo. Kijana akazisoma kama alivyozoea kusoma, yaani neno kwa neno kwa kuhifadhi, na wiki ikamwishia kabla ya sura ya kwanza kumalizika.

Hata uaminifu wake ulimponza. Katika kazi ya kwanza ya kuandika alinukuu maneno ya kitabu kama yalivyo, bila ya kumtaja mwenyewe, akapewa sifuri na onyo la wizi. Sisi tuliomlea chuoni tulimsifu kwa kutopunguza wala kuzidisha herufi moja. Hapana aliyemwambia kwamba huko aendako adabu ya kunukuu ina taratibu nyingine.

Na hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, alama 40 katika 100 za somo hutokana na kazi na majaribio ya katikati ya muhula, na 60 hubaki kwa mtihani wa mwisho. Basi mwenye kungoja karibu na mtihani ndipo ajikaze, amekwisha kupoteza sehemu kubwa asiyoweza kuirudisha. Msaada unaofaa ni ule wa wiki ya tatu na ya nne, wakati ambapo kila mtu nyumbani bado anafurahia sherehe ya kumsindikiza.

Wako waliolichunguza jambo hili kwa makini, na mimi hupenda zaidi habari ya mtu mmoja wa Marekani, Uri Treisman. Katika miaka ya 1970 alikuwa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, akaona kwamba wanafunzi weusi, ambao wengi wao walikuwa mashujaa wa skuli zao, walikuwa wakianguka kwa wingi katika somo la kalkulasi la mwaka wa kwanza. Akawauliza walimu sababu. Wakamwambia ni uvivu, au umasikini, au wazee wasiojali elimu, au msingi mbovu. Yeye hakutosheka na maneno ya barazani. Akachukua wanafunzi 20 weusi na 20 wa asili ya Kichina, akafuatana nao hata makwao, aone wanavyosoma.

Alichokiona kilikuwa kinyume cha aliyoambiwa. Wale wanafunzi weusi hawakuwa wavivu hata kidogo. Walihudhuria, walifanya kazi zao kwa wakati, na wazee wao waliwatakia kheri kwa moyo wote. Lakini karibu wote walisoma peke yao. Masomo waliyaweka upande mmoja na urafiki upande wa pili, wakidhani ndiyo nidhamu iliyowafikisha hapo. Wale Wachina walisoma kwanza kila mtu peke yake, halafu wakakutana jioni kulinganisha majibu. Kosa la mmoja likaonekana na wenzake usiku ule ule, kabla ya kuonekana na msahihishaji. Na swali lililowashinda wote liliwafundisha kwamba ni swali gumu kwa kila mtu. Yule aliye peke yake chumbani, swali hilo hilo humwambia kuwa yeye ndiye mjinga.

Mwaka 1978 ikaanzishwa hapo Berkeley mikutano ya kusoma pamoja. Wala haikuitwa darasa la walioshindwa, na wanafunzi hawakurudishwa kwenye hesabu za utotoni. Walipewa maswali magumu kuliko ya darasani, wakayashughulikia kwa makundi, na mwalimu akipita kati yao. Waliohudhuria wakafaulu vizuri kuliko wenzao waliobaki peke yao, na vyuo vingine vikaiga.

Wazee wetu wa pwani wangalisikia habari hii wangalitabasamu. Darsani mwanafunzi alikuwa na mwenziwe wa kudurusu naye. Mmoja husoma matini, mwingine humsahihisha, na wakikwama humwendea aliyewatangulia kitabu. Twalijua jambo hili msikitini, tukalisahau tulipompeleka kijana penye lifti na kompyuta.

Basi nyumba, hata ile ambayo hapana ndani yake aliyepita skuli ya sekondari, yaweza kusaidia. Pale penye swali la "Masomo yaendaje?", ambalo jibu lake ni "salama" siku zote, mzee na aulize, "Wadurusu na nani?" Akijibiwa "peke yangu" mara mbili tatu, ajue pana jambo. Tena mwana ajue waziwazi, kabla ya kupanda basi, kwamba akianguka jaribio anaweza kupiga simu nyumbani asipigiwe kelele.

Kwa mabinti hali ni nzito zaidi. Mara nyingi binti huwekwa kwa ami au khalati mjini, mbali na chuo, kwa nia njema ya kumhifadhi. Lakini hushinda saa nyingi ndani ya daladala, kisha hukuta jiko lamngoja, na kila arusi ya ukoo hutakiwa aonekane. Atakutana na wenziwe saa ngapi? Ikiwa hosteli ya wanawake ipo na yaaminika, napendelea akae huko, adurusu na wasichana wenziwe. Na ikiwa hapana budi akae kwa jamaa, jamaa hao waambiwe mapema kwamba hawakuletewa mtumishi.

Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni hupokea wageni vizuri. Huwaonyesha msikiti, na pengine huwasaidia katika kujiandikisha. Ningeomba waongeze jambo moja: baada ya sala ya Isha, mara mbili kwa wiki, wa mwaka wa tatu wakae na wa mwaka wa kwanza juu ya maswali magumu ya wiki ile, si kwa kuwahutubia, bali kwa kuyafanya pamoja.

Yule kijana wetu alikaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia baba yake dukani. Kisha akaomba chuo kingine, akaanza upya mwaka wa kwanza, na safari hii hapakuwa na sinia wala dua ya hadhara. Mimi humpigia simu kila Alhamisi. Wiki iliyopita hakuwa na nafasi nami. Alisema wenziwe wanne wamekwisha kufika, wana swali moja la umeme lililowalaza macho usiku mbili, nami nimwie radhi mpaka kesho.