Pengo moja lilivyonila meno matatu!

Asikwambie mtu, pengo la mbele ni noma. La nyuma unaweza kuzuga nalo hata miaka kumi, lakini la mbele kila mtu analiona: konda, muuza chipsi, hata mtoto wa jirani anayejifunza kuhesabu.

Langu nililipata kwenye daladala. Nilikuwa nimesimama, dereva akafunga breki ghafla, mdomo wangu ukaenda kusalimiana na bomba la kushikia. Jino la juu la katikati likavunjika hadi kwenye mzizi. Hospitali wakang'oa kipande kilichobaki, wakaniambia nirudi baada ya miezi mitatu hivi, ufizi na mfupa vikishapona, tuzungumzie jino la bandia.

Miezi mitatu! Kaka yangu anaoa mwezi unaofuata, halafu nilikuwa nimeshamtupia ndoano binti mmoja wa Sinza. Ningesimamaje ukumbini na dirisha mdomoni? Sikuuliza hata kama kuna jino la muda la kuvaa na kuvua, ambalo lipo. Mshikaji wa kijiweni akanipeleka kwa "fundi" wa uchochoroni.

Jamaa hakupiga eksirei wala hakuvaa glovu. Alichanganya unga na maji yenye harufu kali inayopanda hadi kichwani, akabandika jino la plastiki na kuliegemeza kwenye meno mawili ya jirani kwa kuyazungushia ule ujiuji, ukakauka hapo hapo. Nusu saa, kazi kwisha. Nikatoka natesa kama staa wa sinema.

Harusi ikapita, picha zikatoka bomba. Mwezi wa nne nikaanza kusikia harufu. Nikasingizia vitunguu. Binti wa Sinza yeye hakusema kitu, ila alianza kukaa mbali kidogo tukiongea, kisha akawa na shughuli kila Jumamosi. Nikipiga mswaki, damu. Ufizi ukavimba.

Daktari wa meno, mama mmoja wa makamo, alipoibandua ile plastiki alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, huku chini mswaki ulikuwa unapitia wapi?"

Haukuwa unapita. Chakula kilijibanza pale, bakteria wakageuza sukari kuwa asidi, na meno mawili yaliyokuwa mazima yakaoza.

Kilichoniuma zaidi ni maelezo yake. Kumbe kuna daraja jepesi, jino la bandia lenye bawa dogo linalogandishwa nyuma ya jino la jirani bila kulichonga au kwa kulichonga kidogo tu. Kwangu mimi hilo lilikuwa limeshapita, maana haliwezi kushikilia kwenye jino lililooza. Kuna pia skrubu ya titani inayopandikizwa kwenye mfupa wa taya na kuvalishwa jino juu yake. Hiyo haigusi majirani, lakini bei yake ilinifanya nitafute kiti. Na bado wale wawili walihitaji kuvalishwa kofia kwa jinsi walivyoliwa. Basi likabaki daraja lenyewe, la meno matatu yaliyoshikana: kofia mbili pembeni, jino la bandia katikati linaning'inia.

"Nikishachonga, hakuna kurudi nyuma," akasema. "Gamba la jino halioti tena." Nikaomba siku mbili za kufikiri, kisha nikarudi.

Sindano ya ganzi, mashine ikalia, ubavu wa jino ukapungua pande zote. Hausikii maumivu, unasikia kelele na maji tu. Akanipa kisahani chenye kitu laini kama unga wa chapati nikang'ata ili kupata alama, akalinganisha rangi kwa kishikizo chenye vijino vya rangi mbalimbali (yangu si nyeupe kama nilivyokuwa najidanganya), akanivalisha daraja la muda. Alama zikaenda kwa fundi wa kweli, wa maabara. Baada ya wiki mbili likaja la kaure lenye chuma ndani, likajaribiwa, likakwanguliwa kidogo, likagandishwa kwa saruji ya meno.

Ukidhani haya ni mambo ya kisasa, Waetruski wa Italia walikuwa wakifunga meno ya bandia kwa mikanda ya dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mabrazameni wa enzi hizo nao walijua pengo ni pengo.

Usafi ndio shughuli. Kaure haiozi, lakini jino lililo chini ya kofia linaoza kama kawaida, hasa pale ukingoni karibu na ufizi. Kila usiku napitisha uzi wa meno chini ya lile linaloning'inia, kwa kisindano cha plastiki. Likitunzwa, daraja hukaa miaka 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi. Likilegea siku moja, nisiligandishe mwenyewe kwa gundi ya viatu. Daktari alilisema hilo akinikazia macho, nadhani alishanielewa mimi ni mtu wa aina gani.

Binti wa Sinza tulikutana juzi kituoni, akacheka, nami nikacheka mdomo wazi. Namba yake ameshabadilisha, hakunipa mpya. Muwa siku hizi naukata kwa kisu vipande vidogo vidogo, na pale kijiweni wameshaniita mzungu.