Alama ya Mkwaju katika Maandishi ya Kiiraqw

Nchi ya asili ya Wairaqw, katika nyanda za juu za Mbulu, imeandikwa katika vitabu vingine Iraqw'ar Da/aw. Msomaji asiyeijua lugha hiyo, akiliona jina, huenda akadhani kwamba mpiga chapa amekosea, au kwamba ameachiwa achague baina ya maneno mawili. Sivyo. Mkwaju ule ni herufi. Wasimama mahali pa konsonanti kamili itamkwayo kwa kubana koromeo, ambayo ni ndugu wa ‘ain ya Kiarabu. Waswahili walipoyapokea maneno kama akili na elimu waliiacha sauti hiyo njiani. Wairaqw wanayo, na neno lao /ameeni, yaani mwanamke, laanza kwayo.

Wako waandishi waliolitoa jina hilo kwa king'ong'o cha juu tu, Da'aw, kama iandikwavyo ng'ombe. Kwa mgeni tofauti ni ndogo, bali katika Kiiraqw alama hiyo ya juu ina kazi yake nyingine, nayo ni kuonyesha kikwamizo cha glota. Kwa hiyo konsonanti mbili zilizo mbali zimefanywa moja.

Ama katika karatasi mkwaju haukuleta taabu; ulikuwamo katika kila mashine ya kupigia chapa. Taabu imekuja na kompyuta, ambayo haihifadhi maumbo bali namba, na kila namba ina sifa zake katika mfumo wa Unicode. Mkwaju una namba 002F, na sifa yake ni alama ya uakifishaji, si herufi. Basi Kompyuta ikifuata kanuni hizo huhesabu Da/aw kuwa maneno mawili, na mwenye kulitafuta huletewa da na aw. Mwisho wa mstari yaruhusiwa kulikata jina baada ya mkwaju. Kamusi ikipangwa na mashine, /ameeni haiwekwi pale mtunga kamusi atakapo. Tena, katika mifumo iliyo mingi, faili haliwezi kupewa jina lenye mkwaju hata kidogo, kwa kuwa huko alama hiyo hutenga folda na folda. (Ng'ombe wetu wamesalimika: kanuni za Unicode haziikati alama ya juu iliyo baina ya herufi mbili.)

Ajabu ni kwamba jirani wa karibu hawana shida hii. Wairaqw walienea kaskazini hata Karatu, chini ya milima ya Ngorongoro, na katika wilaya hiyo hiyo, kando ya Ziwa Eyasi, wako Wahadza, ambao lugha yao ina vidoko. Kidoko kimojawapo wataalamu hukiandika ǃ, umbo lisilotofautiana na alama ya mshangao. Lakini kidoko kimepewa namba 01C3, nayo alama ya mshangao 0021; jicho halioni tofauti, mashine yaiona. Huko juu Ngorongoro, irabu za Kimaa zipitazo tano za Kiswahili, kama ɛ na ɔ, nazo zina namba zake za herufi tangu zamani.

Wala si lugha zenye wasemaji tu zilizohudumiwa. Hati ya Kiglagolitiki, iliyotungwa kwa ajili ya Waslavi katika karne ya 9, na ambayo leo husomwa zaidi na wataalamu, iliingizwa katika Unicode mwaka 2005. Na herufi yake moja iliyosahauliwa ikapewa namba mwaka 2021, umbo kubwa na umbo dogo, 2C2F na 2C5F.

Je, Kiiraqw kiuache mkwaju, kitumie ʕ ya wanafonetiki? Namba ipo, lakini umbo hilo ni geni kwa wasomaji, na halimo katika kibodi za kawaida. Mwenye kuandika ujumbe kwa simu pale Karatu hatalitafuta. Njia iliyo bora ni ile iliyotumika kwa nukta pacha. Katika maandishi ya Kisabaoti cha Kenya na Kibudu cha Kongo nukta pacha huonyesha toni, na mwaka 2008 Unicode iliipa nukta pacha hiyo namba yake, A789, mbali na ile ya uakifishaji. Ombi la mkwaju litakutana na kikwazo kikubwa zaidi, maana mkwaju ndio utengao sehemu za anwani za tovuti, na umbo la kufanana nalo laweza kutumiwa na walaghai. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo yahusu anwani, ambako herufi yaweza kukatazwa, wala haizuii isiwepo katika vitabu.

Wakati huo huo maandishi yazidi kupigwa kwa 002F. Siku namba mpya itakapopatikana, itambidi mtu apitie kila ukurasa, atenge mkwaju wa Da/aw na ule wa “na/au”, kwani mashine haitajua.