Lahaja Darasani: Tofauti za Kitamaduni katika Vyuo vya Ualimu

Mwanachuo wa ualimu aliyelelewa Mombasa hutamka mato, kitwa na ndia pale ambapo kitabu cha kiada kina macho, kichwa na njia. Mkufunzi humsahihisha, wenzake hucheka, naye hujifunza kunyamaza. Je, kosa ni la nani? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, kazi iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930. Haukuthibitisha kwamba Kimvita ni kibovu. Ndicho alichotungia Muyaka bin Haji, malenga ambaye tungo zake (ajabu iliyoje!) huhakikiwa katika kozi za fasihi huku lugha yake ikikosolewa katika somo la sarufi. Aidha, t ya mato na kitwa huwiana na ch ya macho na kichwa kwa utaratibu maalumu, wala si kwa uzembe wa ulimi. Mkufunzi akiwataka wanachuo wa bara wakusanye jozi za namna hiyo kutoka kwa mwenzao, aliyechekwa hugeuka kuwa mtaalamu wao. Katika mtihani ataandika macho. Barazani ataendelea kusema mato.