Siku Moja Ufukoni Matema

Tulikuwa akina mama wanne na watoto tisa, na kati yetu watu wazima hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Jambo hilo hatukulifikiria tulipokuwa tukifunga mikeka na sufuria zetu kule Mbeya. Mawazo yetu yote yalikuwa kwenye chakula.

Msomaji mpenzi, kama hujafika Matema, njia yenyewe ni sehemu ya matembezi. Unapita chini ya Mlima Rungwe, unaacha baridi ya Tukuyu na mashamba yake ya chai, kisha unateremka hadi joto la Kyela penye mpunga, migomba na mikakao. Ukishapita Ipinda, unaanza kuiona Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta upande wa mashariki. Chini yake ndipo lilipo Ziwa Nyasa. Ufuko ni mdogo, wa mchanga, na ni mali ya kila mtu: wenyeji hufua, huosha vyombo na kuoga hapo hapo unapotandika mkeka wako. Kwa hiyo vaeni kwa heshima. Sisi tuliingia majini na kanga zetu, na hakuna aliyetucheka.

Tulilala katika nyumba ya wageni, na asubuhi watoto wakatutangulia. Wavuvi walikuwa wakirudi na usipa waliowavua usiku kwa taa. Maji yalikuwa maangavu na yametulia kabisa, na utulivu huo ndio uliotudanganya. Kijana wetu mmoja wa miaka minane alipanda juu ya tyubu ya gari, nasi tukaendelea kumenya ndizi. Tulipoinua macho alikuwa mbali, anapunga mkono, na hatukujua kama anacheka au analia.

Mama yake alikimbia majini hadi kifuani, akasimama. Hakuweza kwenda mbele. Sisi wengine tulipiga kelele tu. Aliyemwokoa mtoto ni binti wa pale aliyekuwa akiosha masufuria. Alisukuma mtumbwi wa baba yake, akapiga kafi bila haraka, akarudi naye. Bibi mmoja aliyekuwa akianika usipa ndiye aliyetueleza: asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, nao huchukua chochote kinachoelea. Mchana hugeuka. Isitoshe, ziwa hili lina kina kinachofikia mita zipatazo 700, na karibu na milima chini hukatika ghafula. Tulimwambia binti "ndaga", neno pekee la Kinyakyusa tulilokuwa nalo, tukaona halitoshi.

Hatukuondoka. Tulitaka, lakini yule mama ndiye aliyekataa. Alisema wakirudi nyumbani na hofu hiyo, mtoto hatagusa maji tena. Basi alasiri binti yule alitufundisha kuelea, tukiwa tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Kulaza kichwa nyuma ndiyo kazi ngumu kuliko zote! Mmoja wetu, mwenye mwili mkubwa kuliko sisi sote, ndiye aliyeelea wa kwanza.

Kabla ya kuondoka tulinunua vyungu vya Wakisi, vyenye mapambo ya udongo mweupe na mwekundu. Wanawake wa Ikombe huvifinyanga na kuvileta kwa mitumbwi. Vifungeni vizuri kwa majani makavu ya migomba. Viwili vyetu vilivunjika kabla ya Tukuyu.

Lipo neno moja zaidi kwa akina mama. Kichocho kipo katika maziwa yetu mengi, na wadudu wake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Konokono wanaowabeba hupenda penye majani na maji yaliyotulia, kwa hiyo ogeni penye mchanga na mawimbi, mbali na matete, na wafuteni watoto mara watokapo majini. Hata hivyo, msiape kwamba ufuko fulani ni salama. Baada ya kama miezi miwili tuliwapeleka wote tisa kupimwa mkojo na choo. Mmoja alikutwa nacho. Alipewa vidonge kwa kadiri ya uzito wake, akapona.

Tunarudi likizo ijayo. Tyubu tumeifunga kamba ndefu, na yule kijana ameshaijaribu kama fundo linashika.