Taa kubwa ilinifukuzia wateja Nane Nane

Wadau, mimi nauza miche ya majani ya kunukia mtandaoni, niko Iringa. Mwaka jana nilipeleka bustani ndogo ya kunusa na kugusa Nane Nane Mbeya, viwanja vya John Mwakangale: mchaichai, mnanaa, rozimeri. Siku ya kwanza giza lilipoingia nikawasha taa moja kubwa nyeupe juu. Watu wakakinga macho, wadudu wakajaa, hakuna aliyeinama kunusa. Sikuuza hata mche mmoja, na nauli ya kurudi nilikuwa naitegemea hapo hapo.

Kesho yake nikaizima. Nikaanika taa ndogo za sola mchana kutwa, zile za mwanga wa njano, jioni nikazichomeka chini nyuma ya majani zisimpige mtu usoni. Mbili nikaziacha njiani, mtu asijikwae. Mwanga wa njano hauvuti wadudu kama mweupe. Na giza kidogo linamfanya mteja atumie pua na vidole. Akishafikicha mnanaa, anauliza bei.

Picha nilipiga saa moja kasoro, anga bado lina bluu. Hizo ndizo zinaniletea oda mpaka leo.

Wewe bidhaa zako unazimulikaje usiku?