Njooni Baada ya Mavuno

Mwezi uliopita mpwa wangu wa Dar es Salaam alinitumia ratiba. Yeye na marafiki zake watatu wanataka kuja Dodoma, akaomba niipitie. Ijumaa jioni wapande treni ya SGR. Jumamosi wapige picha mbele ya Bunge, mchana wanunue zabibu, jioni waonje mvinyo. Jumapili alfajiri washike basi la Arusha, kwa kuwa, aliandika, "huko ndiko kwenye utalii, shangazi." Chini kabisa akaongeza: "Na mila za Wagogo tutaziona wapi? Kuna mahali wanacheza?"

Nililisoma swali hilo mara nyingi. Anayeuliza ni mtoto wa kaka yangu, na bibi yake alipiga ngoma ya muheme mpaka mikono ilipomkatalia. Sikumjibu siku ile. Nilihisi kwamba nikijibu kwa mstari mmoja, nitakuwa nimekubali kwamba sisi ni kitu cha kuangaliwa katikati ya safari ya kwenda kwingine.

Maana ndivyo tulivyoangaliwa miaka yote. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita katikati ya Ugogo, na waliotuandika wa kwanza walikuwa wapita njia. Burton alipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote wawili walilalamikia hongo: kila wakiingia nchi ya mtemi mwingine walidaiwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Wakatuita wachoyo na wasumbufu. Hawakujiuliza wamekunywa maji ya nani. Msafara ulioingia kwetu kutoka Mpwapwa ulikuwa umevuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na watu walifika midomo imepasuka. Huku kwetu mvua huanza Desemba ikaisha Aprili, na mwaka mbaya haifiki hata hapo. Miezi mingine maji huchimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka, na kisima cha namna hiyo hutoa debe moja, kisha unakaa unangoja. Sasa fikiria wapagazi mia tano wanakikuta kisima hicho mwezi wa tisa. Mtemi ndiye aliyekuwa mlinzi wa nchi na mvua yake, na alichotoza kilikuwa ada ya mgeni kwa maji ya watoto wa watu. Leo ukisema "hongo" mtu anafikiria rushwa tu. Neno lililokuwa na heshima yake limebaki na tafsiri ya wale waliochukia kulipa.

Baada ya hongo likaja jina la ombaomba. Nalo huwa naulizwa, hata na watu wenye elimu zao, kana kwamba kuomba ni mila iliyofundishwa jandoni. Mila yetu ilikuwa kuhemea: njaa ikiingia, mtu anakwenda kwa ndugu au kwa rafiki wa mifugo wa nchi iliyopata mvua, anafanya kazi au anatoa mbuzi, anarudi na nafaka, na mwaka mwingine huyo naye anakuja kwake. Kilichovunja mtandao huo kilitoka nje. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 wazee wanaiita Mtunya, na wanahistoria wanakadiria iliua watu wapatao 30,000. Mathias Mnyampala, malenga wetu wa Ihumwa, alizaliwa mwaka huohuo wa 1917, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Ihumwa ndiyo jirani ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Maelfu ya watumishi wanapita hapo asubuhi na jioni, na ningefurahi wengi wao wakimjua.

Basi nilianza kuipanga ratiba upya, na niliianzia jikoni.

Wageni wanacheka mlenda kwa sababu unavutika. Nataka mpwa wangu aujue kuanzia mwezi wa pili, wakati wanawake wanapotoka na vikapu baada ya mvua kuchuma majani yanayoota yenyewe, kila jani kwa jina lake. Wanayaanika, wanayatwanga, wanaweka unga wake kwenye vibuyu. Unga huo ndio mboga ya mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wakati nchi imekuwa rangi ya udongo na ng'ombe hawana maziwa. Anayejua kukausha mlenda amewavusha watoto wake kiangazi bila shilingi mfukoni. Unapikwa kwa karanga zilizotwangwa, unaliwa na ugali wa uwele, mweusi kidogo, wenye harufu ya mashuke. Mama yangu alikuwa akimtazama mgeni anavyomega tonge la kwanza. Ukikunja uso hakusema neno, ila alijua, na kesho yake alikuchinjia kuku na kukuweka kwenye kundi la wapita njia.

Tembe nalo nimeliweka, ingawa sijui kama nitampata mtu aliye nalo zima. Ni nyumba ya mraba, paa lake bapa la magogo, fito na udongo, uani ng'ombe. Ndani hakuna joto mchana wala baridi usiku, na juu ya paa unaanika mtama. Ilipokuja Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakahamishiwa vijijini, tembe likahesabiwa alama ya unyuma. Sasa tuna bati, na ikifika saa nane mchana hakuna anayeweza kukaa chini yake.

Mahari ya ng'ombe, jando la wavulana, utani: hayo mpwa wangu ameyasikia kwenye kila harusi ya ukoo, sina haja ya kumpangia.

Muheme ndio ulionifanya niache kalamu mara kadhaa. Ngoma zake ni nyembamba kiunoni. Mwanamke huibana moja katikati ya mapaja akiwa amesimama, akaipiga kwa viganja. Wanawake ndio wenye ngoma hii. Wanaume huimba, hupuliza filimbi, hutikisa mabega, lakini ngozi haiguswi ila na mama. Nilikuwa na miaka kama minane dada yangu mkubwa alipotolewa. Ilikuwa baada ya mavuno, ghala zimejaa, mwezi uko juu. Siku nyingi alikuwa amefichwa ndani na wasichana wenzake, wakifundwa na kina bibi. Usiku ule walipotoka wamepakwa mafuta, ngoma zilipokelewa kutoka mkono hadi mkono, za kijiji chetu na za kijiji cha pili, na sauti hazikuimba pamoja kama kwaya ya kanisani. Kila mama alishika njia yake, huyu juu, huyu chini, mwingine anakatiza, na bado wimbo ulikuwa mmoja. Nilisikia mtetemo kwenye nyayo kabla ya masikioni. Nilimwona mama, aliyenyamaza mwaka mzima mbele ya baba, akiongoza watu wazima mia mbili kwa viganja vyake.

Najua kilichokuwa kimetendeka ndani siku za kufichwa. Ukeketaji siutetei, na sitamruhusu mtu aufiche nyuma ya neno mila. Sheria ya mwaka 1998 iliufanya kosa la jinai kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na binti zangu hawakuguswa. Uchungu wangu ni kwamba kisu kilipokatazwa, kwetu watu waliona usalama ni kuacha yote. Ngoma ikanyamaza pamoja na kisu. Wazee wa kanisa wakafurahi, na wasichana wakabaki bila usiku wowote ambao kijiji kizima kinawaimbia wao. Kisu kingeweza kwenda peke yake. Mafundisho yangebaki, ngoma ingebaki, na ukumbi wa kina bibi ungebaki. Hilo nimelisema kwenye vikao vya wanawake na nitalisema tena.

Muheme bado upo, sisemi umekufa. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, vikundi hutoka vijijini na kuimba vizuri sana, na nawashukuru wanaolisimamia. Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyefariki mwaka 2003, aliibeba ala yetu ya ilimba kutoka Ugogo hadi Bagamoyo na kwenye majukwaa ya Ulaya. Lakini jukwaani wimbo una dakika zake, na mwanamke anapiga akimtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti. Usiku ule wa dada yangu hapakuwa na kiti. Aliyekuja aliimba.

Kondoa nimewatengea siku mbili, Arusha ingoje. Michoro ya miambani ya Kolo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwinuko ule juu ya Bonde la Ufa, twiga na watu wembamba wekundu wamechorwa chini ya majabali, hauhitaji maneno yangu. Wakifika Mungumi wa Kolo watasikia kwamba watu wa pale bado huenda kuomba mvua na uzima, na pombe ya nafaka hurushwa mwambani. Kuna wahifadhi wanaosikitika rangi inavyoharibika, na nawaelewa. Ila mahali hapo paliheshimiwa na kutunzwa vizazi vingi kabla ya kibao kuwekwa, kwa sababu watu walikuwa na la kuomba pale.

Jana nilimwandikia. Mbukwenyi, mwanangu. Msije mwezi huu, njooni Julai, kazi ya shamba ikiisha, na mkae siku nane. Mtalala kwangu, si hotelini. Leteni sukari, chumvi, na vitenge viwili vya mama zako wadogo wa kule kijijini, kwa sababu mtakunywa maji yao. Ngoma ya bibi yako iko juu ya kabati langu tangu tulipomzika, ngozi imepasuka katikati. Nimepata ngozi ya mbuzi, na kuna mzee anayejua kuiwamba. Anasema inahitaji siku tatu juani kabla ya kupigwa, kwa hiyo mkifika Jumatatu, Alhamisi itakuwa tayari.